Pona ya Meksiko

Mke wangu Zuwena,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku tuliyovuka mpaka kuingia Meksiko mpaka siku niliyokushusha kaburini. Nilikuwa nakijua Kihispania. Si cha kusomea vitabu, lakini cha kutosha kusikia mtu anasema nini. Nililonuia kukwambia hasa si hilo, ila bila ya hilo hutanifahamu, ndiyo maana nimelitanguliza.

Najua barua haikufikii. Linalokufikia ni dua, na hiyo huikosi kila baada ya sala. Barua ni ya kunitua mimi. Mwanao Nassor ananiona nimeinamia karatasi kila asubuhi, anadhani mwanawe mzee anaandika wasia, yaani ananifanya mimi ndiye mtoto siku hizi. Nimemwacha adhani.

Habari za nyumbani ni njema. Niko palepale Bawshar, chumba chetu kilekile, ila kitanda kimesogezwa karibu na mlango wa choo kwa amri ya mwanao. Natembea kwa kile kigari cha chuma cha wazee, na mjukuu wako Hanaa amekifunga utepe wa rangi ya waridi ili, anasema, kisinitie huzuni. Mkwe wako alijaribu kupika papa wa nazi kama wako. Hakumroweka kumtoa chumvi. Tulikunywa maji mpaka alfajiri, na hakuna aliyethubutu kusema kitu, maana alikuwa anatutazama midomo. Wewe ungesema, na yeye angelia, na kesho yake mngekuwa jikoni pamoja mnaroweka.

Moyo wangu umechoka. Daktari amemweleza Nassor mlangoni, kwa Kiingereza, sauti ya chini, kama kwamba mimi niliyekaa wizarani pale Al Khuwair nikiandika barua za Kiingereza umri wangu wote nisingelisikia. Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Nimeshazoea kujifanya sisikii lugha za watu. Usinihuzunikie. Sina maumivu, nakula kidogo na nalala sana, na nikiamka najikuta nacheka peke yangu, maana kila ninapoota naota ile safari.

Lakini nikueleze kwa nini naandika sasa. Kwenye hitma yako wanawake walikaa ukumbini wakisimulia habari zako, na mimi nilikuwa chumbani, mlango wazi. Kisa cha Meksiko kimekua, Zuwena. Yule mama muuza chakula sasa anakijua Kiswahili chote. Bi Thuraya wa nyumba ya pili akasema babu za yule mama walitoka Unguja, eti walichukuliwa na meli. Mwengine akasema si binadamu wa kawaida, alikuwa mja mwema aliyetumwa. Hanaa akaja mbio chumbani kuniuliza, kwa sababu mimi ndiye shahidi pekee niliyebaki, maana binti yetu Raya siku ile alikuwa garini anambadilisha mtoto nguo. "Babu, kweli yule bibi alimwambia Bibi apone?" Nikamjibu kwamba nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, alilisema zaidi ya mara moja. Na hilo ni kweli, sikumdanganya mtoto.

Basi nianze panapostahili, na zile tamthilia zako.

Unakumbuka tulipohamia Maskati Kiarabu chako kilikuwa cha msahafuni tu. Kilichokusomesha ni zile tamthilia za Meksiko zilizotiwa sauti za Kiarabu fasihi, kila jioni baada ya Magharibi, mabibi wenye nywele ndefu wakilia kwa nahau safi. Ukajifunza kwao. Ukaenda sokoni ukamwambia muuza nyanya, "Uqsimu laka bisharafi," nakuapia kwa heshima yangu, kwamba nyanya zake zimeoza, na soko zima likanyamaza kukusikiliza. Masheikh wa mtaani wanasema vile minbarini tu. Mimi nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na wivu na yule bwana wa masharubu wa tamthiliani, uliyekuwa ukimsubiri kila jioni. Ulikuwa unasema, "Ipo siku utanipeleka kwao." Nami nikasema inshallah, ile inshallah ya kufunga mazungumzo.

Kumbe niliichukulia kweli. Zama zile gari bado zina kaseti. Nikanunua kaseti za Kihispania, na kila asubuhi kwenye foleni baina ya Bawshar na Al Khuwair nikawa nakariri. Watu kwenye magari ya pembeni wakidhani naleta uradi. Niliwaza siku tukifika mpakani nitafungua mdomo, na wewe utanitazama kama ulivyokuwa ukimtazama yule wa masharubu. Miaka ikapita, kaseti zikakatika, safari haikuja, na siri ikabaki.

Ilikuja pale uvimbe ulipoonekana tumboni mwako. Daktari alisema ukatwe upesi. Ukasema, "Mie sikatwi. Mama yangu alikatwa akarudi kwenye jeneza." Nassor alikusihi, Raya akalia kwenye simu kutoka San Diego, karibu na mpaka wa Meksiko, alikokuwa na mumewe anayesoma, mimi nikatafuta mpaka maneno ya kukuudhi. Hukutikisika. Ukasema unataka kumwona mtoto wa Raya aliyezaliwa, na ukiwa huko unataka uvuke mpaka uione Meksiko kwa macho yako, baada ya hapo Mungu afanye apendalo. Nikafahamu unaaga. Nilikata tiketi nikiwa na hasira na wewe, sasa naweza kusema.

Na bado sijapata kufurahi katika safari kama nilivyofurahi katika ile.

Raya anaendesha, mimi mbele, wewe nyuma na mtoto, na birika la kahawa baina ya miguu yako, halwa, tende, na buibui lako jipya. Mpakani tukapata taa nyekundu, askari akatuashiria tuegeshe pembeni tupekuliwe. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa. Nimeshafungua kioo, nimeshameza mate. Wewe ukanitangulia. Ukatoa kichwa dirishani ukamwamkia kwa Kiarabu cha tamthilia, "As-salamu alaykum, ayyuha-s-sayyid," ewe bwana mtukufu. Yule kijana akasimama wima. Sidhani kama amewahi kuamkiwa vile. Ukampa kipande cha halwa, akala, akafunga buti bila ya kulitazama, akatupungia mkono tupite. "Kanifahamu," ukasema. Raya akacheka mpaka akakosea njia.

Tukashika barabara ya pwani kuelekea kusini, mawe na bahari, milima mikavu. Ukasema, "Wameichukua pwani yetu ya Qurayyat wameileta huku." Na ni kweli ilifanana. Kila kijiji ulikuwa unalisoma bango na unapata la kwako. Mesa, wanasema meza. Bandera, bendera. Ukahukumu, "Baba Raya, hawa wenzetu, wanaficha tu." Nami nikakaa kimya na Kihispania changu, nikingoja pahala pazuri pa kukifunua.

Njaa ikatukamata pale kwenye kibanda cha bati kando ya barabara. Nyama tuliogopa, hatujui imechinjwaje wala ya mnyama gani. Ukasoma ukuta ulioandikwa kwa rangi, neno kwa neno, na uso wako ukabadilika. "Papa," ukasema. "Subhanallah. Wana papa." Siku zile daktari alikuwa amekukataza papa kwa ajili ya chumvi, na wewe ulikuwa ukimwota. Uliagiza kwa vidole, sahani ya kila mtu na moja ya ziada.

Mimi nilijua papa kwao ni nini. Sikusema. Niliipanga sentensi yangu kichwani kama kijana anayekwenda kuposa: sahani zije, ushangae, halafu mimi nimwite yule mama na kumwomba samaki kwa lugha yake, kwa sauti ya yule bwana wa masharubu.

Sahani zikaja, mikate myembamba ya mahindi iliyokunjwa, ndani yake viazi vilivyopondwa, ndiyo papa yao. Ukafunua mmoja, ukafunua wa pili, ukamtafuta papa kama mtu aliyeangusha pete. Halafu ukacheka. Zuwena, ulicheka ukajishika kifua, ukafuta macho kwa ncha ya mtandio, na katikati ya kicheko kikageuka kilio, na ukawa huwezi kukiacha. Miezi yote ile hukuwa umelia hata mara moja.

Raya alikuwa ameshakwenda garini na mtoto. Nikainuka nikuzungukie, lakini yule mama alikuwa ameshatoka nyuma ya jiko lake. Mtu mzima kuliko sisi, aproni imejaa unga. Akakaa kwenye kiti changu. Nawe ukaanza kumweleza, kwa Kiswahili, kama unamweleza dada yako. Ukajipapasa tumbo, ukamwambia, "Mama, hapa. Wanataka kunikata hapa." Akakutazama tumbo, akaitazama sahani, akaichukua mikono yako yote miwili akaiweka ndani ya yake. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, na katikati ya maneno yake neno hilo likatoka, wazi, la kwetu. Pona. Akaendelea, likatoka tena. Na tena. Pona.

Ukanyamaza kulia. Nilikuona.

Kurudi, foleni ya mpakani ilikuwa ndefu. Wauzaji wanapita baina ya magari na mablanketi na sanamu za udongo, mtoto amelala, Raya ameegemea usukani. Mimi nilikuwa nimeshageuka kwenye kiti nikueleze. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilidhani utacheka. Nilidhani hiyo ndiyo zawadi yangu, mimi na kaseti zangu, tucheke mpaka San Diego.

Ukasema wewe kwanza. "Umemsikia yule mama? Hayo mengine sikuyashika, lakini kaniambia pona. Kwa Kiswahili. Mtu asiyenijua, huku mwisho wa dunia." Ukatazama nje ya dirisha. "Baba Raya, tukirudi Maskati, waambie wanikate."

Nilifunga mdomo. Raya akaniuliza kwa jicho baba analia nini, nikamwambia moshi wa magari.

Hayo yaliyofuata unayajua. Ulikatwa, ukaamka unauliza kama nimekula. Ukaishi. Uliishi ukamwona Nassor anaoa, ukampokea Hanaa kwa mikono yako, ukagombana na mkwe wako na mkapatana mara zisizo na hesabu. Kila mgonjwa uliyemtembelea ulimsimulia yule mama, na wengine nao wakatoka vitandani kwa kisa chako. Mara nyingi nilitaka kukwambia. Nilikaribia zaidi ule mwaka wa mwisho, uvimbe uliporudi na daktari hakusema tena habari ya kukata. Nilikaa pembeni ya kitanda nikaanza, "Zuwena, yule mama wa Meksiko..." Ukatabasamu. "Usimsumbue tena," ukasema. "Pona yangu nimeshaitumia yote, na nimeridhika nayo."

Nikaacha hapo.

Nimejiuliza, katika mchana huu mrefu wa uzee, kama nilikunyima haki yako. Wewe ulikuwa mtu wa kutaka kujua. Kila nikilipima linaniangukia upande uleule: ningelifungua mdomo kwenye ile foleni ningekuwa nimekuzika mapema kwa ajili ya kujionyesha kwamba nimesoma. Moyo wangu umetulia juu ya hilo. Lakini sitaki nifike huko uliko nikiwa nimebeba kitu ambacho ni chako. Tena nakujua. Utaniangalia usoni tu, utasema, "Wewe una neno."

Kwaheri ya hapa, Zuwena wangu, na haitakuwa ndefu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Wamenionyesha pahala pangu, ni jirani yako, mawe mawili tu baina yetu, na upepo wa bahari unafika. Nakuahidi kwamba watoto sitawaambia. Hanaa atabaki na bibi yake wa Meksiko, na Bi Thuraya atabaki na meli yake. Nikimaliza mstari wa mwisho nitaichana karatasi hii vipande vidogo, niitie kwenye maji mpaka wino utoke.

Zuwena, yule mama hakuwa anakuombea. Alikuona unajipapasa tumbo akadhani umevipenda viazi vyake, akakufundisha namna vinavyopikwa. "Pon a", kwa lugha yao, ni weka. Weka viazi vichemke. Weka mafuta yapate moto. Weka kitunguu.