Baraka Hajakonda

Sekei, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Baba, bado anagoma kunywa dawa mpaka abembelezwe? Sisi wazima kabisa, hata baridi ya huku tumeshaizoea.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Tangu uione ile picha ya Baraka niliyokutumia unasema mjukuu wako amekonda, simlishi, utapanda basi kutoka Songea uje umchukue. Iliniuma, Mama. Sasa nisikilize.

Kabla ya picha hiyo nilimpeleka kliniki kifua mbele, nikisubiri sifa kwa yale mashavu. Muuguzi akampima, akasema uzito umezidi. "Huwa anacheza wapi?" Nikajibu, "Kwenye simu." Akina mama wote pale kwenye benchi wakacheka! Na ni kweli, nilikuwa namwekea katuni ndipo afungue mdomo. Anameza tu, hajui kama ameshiba. Nje nilikuwa simtoi, naogopa achafuke watu waseme mtoto hatunzwi. Miaka minne, akipanda ngazi anahema kama mzee.

Tukampeleka Nduruma kwa wazazi wa mume wangu. Siku ya kwanza alililia simu hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Halafu akakuta mbuzi amesimama njiani. Unajua alifanya nini? Akanyoosha kidole, akawa anapangusa hewani ili mbuzi apite aje mwingine! Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini.

"Huyo hapiti hivyo, mume wangu," akamwambia mjukuu wake. "Mswage!" Akampa kijiti.

Basi, hapo ndipo tulipompata mtoto mwingine. Kila Jumamosi anadai Nduruma, na siku nyingine anashinda uwanjani na watoto wa jirani wakipiga mpira wa makaratasi. Simu anaiona kidogo tu jioni. Anakula mwenyewe, makande, ndizi, maziwa, akishiba anasukuma sahani. Mashavu yamepungua, sikatai, lakini miguu imekaza na anarudi na vumbi mpaka masikioni. Nina furaha, Mama, mpaka najishangaa.

Nisalimie Baba, kaka yangu na cherehani yake, na shangazi wa kwaya aliyesema picha ilimtoa machozi. Mwambie ayafute.

Na wewe panda hilo basi, uje. Ila sitakukabidhi Baraka mlangoni. Utamkuta uwanjani, na ukifanikiwa kumkamata, mchukue.

Binti yako akupendaye,
Stela, Mama Baraka