Kichwa Nilichomchagulia Mireille

Ijumaa, Novemba 2013
Umbilo, Durban

Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya mji na mvua hainyeshi. Hewa ni nzito, nywele za bandia zinanata kwenye vidole, na mteja wangu wa kwanza nimemkosea mstari mara mbili. Mwenyewe hakuona. Mimi niliona, nikafumua, nikaanza upya.

Naandika hapa kwa sababu yule ambaye huwa namwambia kila kitu ndiye niliyekuwa namficha.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni Jaki, msusi. Nimetoka Bujumbura, nasuka rasta kwenye saluni moja ya Barabara ya Umbilo, na Jumatano jioni na Jumamosi nacheza lakrosi. Ni ule mchezo wa fimbo yenye kichwa cha plastiki na wavu. Unadaka mpira kwa wavu, unakimbia nao, unaurusha golini. Wateja wakiiona fimbo yangu nyuma ya mlango huniuliza kama navua samaki. Siku hizi nawajibu ndiyo, yaishe.

Aliyeniingiza kwenye mchezo huu ni Mireille, Mkongo wa Lubumbashi, anayepanga maboksi kwenye ghala la Mobeni. Miaka minne iliyopita, nilipokuwa siwezi hata kuomba maji kwa Kiingereza, alinishika mkono akanipeleka uwanja wa Morningside, ambako mwalimu mmoja, Kocha Thandeka, alikuwa anafundisha wasichana. Wote wawili tukawa washambuliaji. Yeye anacheza kushoto, mimi kulia.

Kesho tunacheza na timu ya Pietermaritzburg. Baada ya mechi kocha atataja jina la mshambuliaji mmoja wa kwenda kambi ya mazoezi Johannesburg, wiki mbili, na walimu kutoka nje. Kila mtu uwanjani anajua jina hilo ni langu au la Mireille.

Nalitaka hilo jina. Nina miaka ishirini na sita na sijawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote. Nimepangwa foleni, nimepewa namba, nimeambiwa nirudi wiki ijayo. Hakuna aliyewahi kuwatazama watu wengi akasema, nataka huyu. Naliwaza jambo hilo hata nikiwa naosha vyombo.

Wiki mbili zilizopita mgeni wa kocha alituachia vichwa viwili vipya vya fimbo. Kocha akanipa vyote, kwa sababu mimi ndiye ninayesuka nyavu za timu nzima. Vidole vya saluni vinajua kamba. Akasema: chagua chako, kingine msukie Mireille, wewe ndiye unayejua.

Kweli najua. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kimebanwa katikati, kigumu. Mpira ukiingia hapo unatulia, na ukirusha unatoka mahali palepale kila mara. Washambuliaji wengi hupenda kichwa cha namna hiyo. Ubaya wake ni kwenye kudaka, maana ukikosea kidogo tu mpira unagonga ukingo na kwenda zake. Cha pili kilikuwa kipana, plastiki yake laini zaidi. Hicho kinadaka karibu kila kitu na kinaokota mpira wa chini bila shida, ila mpira unachezacheza ndani, na beki akikugonga fimbo unaweza kuudondosha.

Mtu mwenye haki angeuliza swali moja: nani kati yetu anadaka vizuri? Mireille anadaka hata akiwa anapiga soga. Mimi hupokonywa mipira na hewa. Kichwa chembamba kilikuwa chake, kipana kilikuwa changu, na nililijua hilo kabla sijamaliza kuvigeuza mkononi.

Nikachukua chembamba.

Nikamwambia kipana kitamsaidia kuokota. Nilisema kwa ile sauti ninayowaambia wateja kwamba rangi fulani inawapendeza. Akanishukuru.

Nadhani ni aibu iliyonifanya nikisuke kichwa chake kwa uangalifu kuliko changu. Nilitumia kamba za ngozi, mafundo madogo, mfuko wa wavu unaobeba mpira umekaa sawasawa. Nilimaliza Jumanne mchana, saluni ikiwa tupu. Halafu nikafanya kosa ambalo sidhani kuna fundi wa fimbo duniani angelifanya.

Msusi akimaliza rasta huchovya ncha kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke, kisha huzizungushia taulo na kuziminya. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka. Mafundo ya wavu yalikuwa yamekwisha, ketili ilikuwa imetoka kuchemka, na mkono ukaenda wenyewe. Nikakitumbukiza kichwa chote kwenye beseni, nikakizungushia taulo, nikakiminya kwa nguvu, nikakiacha kipoe huku nikifagia.

Nilipofungua taulo, kuta zake zote mbili zilikuwa zimeingia ndani. Kile kipana kilikuwa chembamba kuliko chembamba changu. Nilijaribu kukipanua kwa magoti, hakikukubali. Niliogopa kukirudisha kwenye maji nisije nikakiharibu kabisa, na niliogopa zaidi kumwambia kocha kwamba nimepika kifaa kipya cha timu kwenye beseni la rasta. Jumatano nikampa Mireille kama kilivyo, bila neno.

Jumatano hiyo alifunga magoli matano. Mabeki walimgonga fimbo kushoto na kulia na mpira haukutoka. Alikuja kwangu anahema, anacheka.

"Jaki, uliweka nini humu? Mupira inakaa tu. Vraiment, kweli kabisa, uko na mikono."

Wenzetu wakacheka na wao. Kocha akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nikasikia wivu, wivu mtupu, kwa kitu nilichokiharibu mwenyewe.

Alipokwenda kunywa maji nilichukua fimbo yake, nikaweka mpira kwenye mfuko, nikaigeuza chini juu. Mpira haukuanguka. Ilibidi niitikise.

Kabla ya kila mechi refa hupanga fimbo zote chini na kufanya jambo hilohilo. Anaweka mpira, anageuza, na mpira lazima uanguke wenyewe. Usipoanguka, fimbo hiyo inawekwa pembeni mpaka mechi iishe. Refa wa kesho ni mama mmoja wa miwani ambaye hupima kila fimbo mara mbili. Kwenye mazoezi hakuna anayepima. Wanamwamini msusi.

Kwa hiyo nilikuwa naijua kesho itakavyokuwa. Mireille ananyang'anywa fimbo mbele ya kocha, anapewa yoyote iliyobaki kwenye begi, mkono wake haujaizoea, akili yake imevurugika. Mimi niko kulia na kichwa changu chembamba. Sikuhitaji kumsema vibaya wala kumfanyia hila yoyote.

Nilihitaji kunyamaza tu.

Na nilinyamaza. Jumatano tulirudi kwa taxi moja, daladala za huku, akasinzia begani kwangu mpaka Umbilo. Alhamisi akanitumia picha ya viatu vyake alivyovisafisha kwa ajili ya mechi. Nikajibu kwamba vimetakata. Nilijiambia ni bahati mbaya, sikukusudia, na hata yeye angeweza kukipima mwenyewe, ana mikono.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa nasuka, namtazama mteja kwenye kioo, nikajikuta napanga maneno ya kumfariji Mireille kesho. "Pole, dada, hata mimi sikujua." Nilikuwa nayapima, sauti ishuke wapi, mkono nimwekee begani lini. Niliuona uso wangu ukifanya mazoezi ya huruma. Sijawahi kujiogopa hivyo.

Nikamwandikia apitie saluni akitoka kazini.

Alifika saa kumi na robo, bado na ovaroli la ghala, analalamika kwamba taxi imekwama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Juu ya meza ya vioo nilikuwa nimeweka vichwa vitatu: chake, changu, na kimoja cha zamani kutoka kwenye begi la timu, ambalo hukaa kwangu na fimbo zote mpaka siku ya mechi. Sikumpa hata maji. Niliweka mpira kwenye chake nikakigeuza.

"Iko inaganda," akasema.

"Refa atakikataa. Nilikichovya kwenye maji ya moto, nikakiminya na taulo. Kama rasta. Kosa ni langu."

Alicheka kwanza. "Kama rasta? Eish, Jaki." Kisha kicheko kikaisha, akanitazama vizuri. "Ulijuaka tangu siku gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo sikuwa nimelifikiria. Ningeweza kusema leo. Mdomo ulishafunguka kusema leo.

"Jumatano," nikasema.

"Jumatano ile tulipanda taxi moja?"

"Ndiyo."

"Nikakulalia."

"Ndiyo."

Basi nikasema na lile lingine, kwa sababu nilijua nikilibakiza litaoza. Kwamba chembamba kilikuwa chake tangu mwanzo, kwamba nilijua, kwamba nilimdanganya ili nikichukue mimi. Nikamwambia achague anachotaka, na kitakachobaki ndicho nitachezea.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivishika vichwa kimoja kimoja, akabonyeza kuta kwa kidole gumba, akaipitisha ngumi yake ndani. Hakuna aliyewahi kumwachia achague, na alichagua upesi: kile chembamba changu.

"Hii. Na mufuko unisukie juu, hapana chini kama ya kwako. Miye narusha mbiyo."

Alikuwa sahihi. Mfuko wa juu unautoa mpira haraka, na yeye hana subira golini. Nikamwambia aende akapumzike, nitamletea asubuhi uwanjani kimekamilika.

"Hapana. Miye nakaa hapa, naangalia."

Akavuta kiti cha wateja, akakigeuza kunielekea, akaketi.

Kwa miaka minne nimemsukia Mireille nyavu na hajawahi kuniangalia. Huwa anakula chipsi, anamsema msimamizi wake wa ghala, anasinzia mdomo wazi. Leo macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu, fundo kwa fundo. Mara mbili kamba ilinitoka. Alisubiri niiokote.

Ilichukua karibu saa nzima. Nilipomaliza aliweka mpira, akageuza. Ukaanguka, ukabingirika kwenye vigae. Akafanya tena, halafu tena. Mara ya tatu aliuokota, akautia kwenye mfuko wa ovaroli, akachukua kichwa chake.

"Sharp," akasema, kama watu wa hapa wanavyosema sawa, akatoka.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu na mvua ndiyo inaanza. Kichwa cha zamani nimeshakifunga kwenye fimbo yangu. Ni kipana, kimekwaruzwa, plastiki imekuwa ya njano. Nimetoka nyuma ya saluni nikaurusha mpira ukutani mara ishirini, nikaudaka mara kumi na nane. Sijawahi kudaka hivyo na kile chembamba hata siku moja.

Sijisikii mwema. Nimesema ukweli nikiwa nimechelewa siku mbili, na sehemu yangu moja bado inahesabu nafasi ya kwenda Johannesburg. Hiyo nayo ni kweli, naiandika.

Magoli yangu mengi ya miaka hii minne yametoka kwake. Napenya kulia, nanyoosha fimbo juu, na yeye hata bila kunitazama ananirushia. Siku zote mpira umekuwa unafika. Kesho nitapenya tena na kunyoosha fimbo.

Atanirushia?