Visheti Vilivyonuka Mawese

Mama Zuhura, rafiki yangu,

Mwanao ameolewa Jumamosi. Najua ungetaka nikwambie haraka kama alicheka au alilia, lakini unanijua, siwezi kuanza jambo katikati. Ulizoea kunitania, "Mama Issa, wewe unaandika hata mvua ikinyesha." Bado naandika kila siku, na tarehe juu yake. Siku uliyotutoka niliandika tarehe peke yake.

Tangu uondoke ziwa limezidi kupanda. Limeingia uani kwako mpaka jikoni. Ule mwasumini wako niliung'oa kabla maji hayajaufikia, nikaupanda kwangu ndani ya beseni lililotoboka. Ulipukutika majani yote, nikadhani nimeuua. Sasa umerudi na unatoa maua madogo madogo. Hayo ndiyo niliyompelekea mtoto.

Lakini maua hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni mdomo wake. Tangu tulipokuzika, Zuhura hakugusa kitu kitamu. Chai alikunywa bila sukari. Ukimpa halua anakushukuru na kukurudishia kwa adabu, "Murakoze, mama mudogo, sitaki." Niliacha kumlazimisha, nikijua huzuni ina mwendo wake. Kisha wiki ya harusi akanipigia simu kutoka Buyenzi, huko Bujumbura, nyumbani kwa shangazi yake, akasema hata kwenye sinia hataonja.

Unajua sinia lina maana gani mbele ya wakwe. Mama anavunja kisheti cha kwanza, anamlisha bibi harusi mbele ya mashangazi wa bwana harusi, ndipo na wao wanakula. Binti akifunga mdomo wanaelewa kwamba analazimishwa, wanachukua mikoba yao na kuondoka. Tuliliona lile la harusi ya Nyanza-Lac, mimi na wewe, wali ukabaki kwenye masufuria. Na Zuhura halazimishwi. Anampenda Hamisi, anampenda kweli.

"Basi onja kidogo tu," nilimwambia kwenye simu.

"Nikila nitakuwa nimemusahau."

Nilikaa na ile simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Sinia lilikuwa kazi yako, likawa langu. Nikasema nitavipika visheti kama wewe, kwa mawese ya hapa Rumonge, nikiyachoma kwanza mpaka wekundu wote utoke. Nilikuona ukifanya hivyo mara nyingi. Unatia kitunguu, unafunika, unakaa mbali na moshi, unangoja kitunguu kiwe cheusi na mafuta yabaki na rangi ya chai. "Usiyakimbize," ulikuwa ukisema. "Ukiyakimbiza yanawaka, usipoyangoja yananuka." Kutazama ni rahisi. Nilipobaki mwenyewe na ile sufuria, nilikuwa nafunua kila mara kuchungulia.

Kitunguu kilikuwa bado kahawia niliposikia honi. Shoferi wa basi dogo, niliyemwomba anipitie, alikuwa mlangoni, injini inanguruma.

"Mama Issa, nimepata esansi. Kesho haijulikani. Niko naondoka."

"Ningoje kidogo, mafuta hayajawa tayari."

"Yako yanabaki Rumonge, mama. Yangu ndiyo yanafika Bujumbura."

Watu ndani ya basi wakacheka. Mimi sikucheka. Kumwacha ilikuwa kuikosa harusi, maana siku hizi mafuta ya gari ni adimu, magari yanakaa kituoni matupu, watu wanayatazama tu. Niliondoa kifuniko, nikaona mafuta bado mekundu chini, na nikatumbukiza visheti hivyo hivyo. Vilitoka na rangi ya tofali. Nilivigaragaza ndani ya shira nene nikitumaini sukari itaificha ile harufu. Haikuificha. Nikavitia kwenye ndoo, nikachuma maua, nikayafunga kwenye jani la mgomba lenye maji, nikapanda.

Nilikaa dirishani upande wa ziwa, upande wetu. Unakumbuka tulivyokuwa tukisafiri? Waume zetu tunawaambia tunafuata vitambaa, kumbe tunakwenda kutembea tu. Unanunua mapera Kabezi na unamtupia maganda shoferi akikimbiza sana. Tukifika nyumba za kwanza za mji unajifuta vumbi na kuniambia, "Vaa uso wa mjini." Kisha mchana kutwa tunatembea: unasimama chini ya kila ukuta wenye maua, unaingia duka la viatu na kujaribu vile vya visigino virefu ambavyo hutanunua, unamuuliza muuzaji kama vina ndugu yao mfupi. Halua tunaila tukitembea, karatasi mkononi, kama watoto waliotoroka shule. Mimi nilikuwa naona haya. Wewe hukuona haya hata siku moja.

Safari hii sikutazama kitu. Mahali pengine maji yamekula ukingo wa barabara, shoferi akatushusha ili gari lipite jepesi. Nikatembea na ndoo kichwani, maua kifuani, nikimwomba Mungu nisiteleze. Mji nao niliupita kama mtu anayempeleka mgonjwa.

Nilipofika, mashangazi wa Hamisi walikuwa wamekwisha kaa mkekani. Yupo mmoja, mnene, ana bangili mpaka karibu na kiwiko, ndiye mwenye maneno kati yao. Nilikuwa nimesikia kwamba alimkataza Hamisi kuoa kwenye nyumba ya msiba. Nilipofunua sinia akavuta pumzi kwa pua.

"Hizi ni visheti ao ni samaki ya mikeke?"

Wenzake wakacheka chini ya mitandio. Mwingine akasema, "Ni watu wa Rumonge, usiwaonee. Wao hata manukato yao ni mawese."

Nikapiga magoti mbele ya Zuhura. Maua yako, niliyomchomeka nilipofika tu, yalikuwa kwenye nywele zake na yalikuwa hayajanyauka. Nikavunja kisheti, nikakisogeza mdomoni mwake. Midomo ilikuwa imefungwa. Nilisikia bangili za yule mama zikigongana; alikuwa anaufikia mkoba wake. Mama Zuhura, nilikuita kimoyomoyo, nikakugombeza pia, maana ungekuwepo yasingefika hapo.

Ndipo nikaona pua ya mtoto inacheza. Akainua macho.

"Mama mudogo. Mafuta hukuyachoma."

"Nimeyachoma."

"Hukuyachoma. Mama angekufukuza jikoni."

"Ehe, mwambie, mutoto," alisema yule wa bangili.

Zuhura akakitoa kile kipande mkononi mwangu kwa mkono wake mwenyewe, akakiuma, akakitafuna taratibu huku amekunja uso. "Na katikati hakijaiva," akasema. Akachukua kingine kukihakikisha. Nacho akakilaumu. Shira ilikuwa inamtiririka kidevuni, naye alikuwa ameanza kucheka, Mama Zuhura, kile kicheko chako cha kukatika katika, kisha akalia mdomo ukiwa umejaa, na hakuacha kutafuna.

Wale wanawake walitazamana. Hawakujua kama huko ni kuonja au ni ugomvi. Mimi mwenyewe sikujua. Yule mnene akauweka mkoba chini.

"Anaona ubaya wake na bado anakula," akasema. "Basi huyu atakaa na mwana wetu." Akachukua kimoja, akakitia kinywani, akafumba macho kama anayemeza dawa. Wengine wakamfuata.

Baadaye, tulipobaki wawili chumbani nikimfuta uso, Zuhura aliniambia jambo moja tu. "Nimemusikia akigomba." Sikumuuliza nani.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Jana amenipigia simu. Chai bado anakunywa bila sukari. Hamisi anamtengenezea hivyo hivyo wala hamuulizi, na hilo limenifurahisha kuliko mahari yote. Ameniambia pia kwamba atakuja nimfundishe kuchoma mawese. Nitamfundisha nini, mimi niliyeharibu sinia la mwanao?

Lakini akija tutabandika sufuria pamoja, na tutangoja, hata honi zilie mpaka zichoke. Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia kwamba sitamfurahisha kwa nguvu. Siku atakayotaka kulia nitakaa naye, na siku atakayotaka kuzunguka mjini bila shughuli yoyote, nitavaa viatu kabla hajamaliza kusema.

Mwasumini naumwagilia asubuhi na jioni. Beseni limekuwa dogo.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Mtoto amekula.

Mama Issa