Maji ya Mfereji Wetu

Jumanne, Machi 1995

Kwa hiyo tulikubali kwa kukaa kimya. Ndivyo alivyonieleza leo ofisa wa maji kule mjini, kwa adabu, baada ya kunipa shikamoo. Maji ya mfereji wetu amepewa mwenye shamba kubwa huko tambarare.

“Tangazo lilibandikwa hapa ukutani, mzee. Hakuna aliyepinga.”

Nikamweleza kwamba kwetu Kibosho matangazo husomwa Jumapili, misa ikiisha. Hakuna anayeshuka mjini kusoma kuta.

“Serikali haina dini, mzee wangu.”

Akacheka.

Kesho ni zamu yetu ya maji, na migomba imeanza kunyauka. Nitakwenda na jembe kufungua mfereji aliouchimba babu yangu, na kisheria nitakuwa mwizi.