Gari Haliuzwi, Baba Wema

Baba Wema,

Ugali umo kwenye hotpoti, maharage uyapashe mwenyewe. Yule bwana wa kutoka mji wa Plymouth akija kuangalia gari, mwambie haliuzwi. Najua jana tulikubaliana. Mambo yamebadilika asubuhi hii, wewe ukiwa umelala baada ya zamu.

Mimi na binti yako tumetoka uwanja wa mashindano ya magari sasa hivi. Unakumbuka kila nikiondoka kwenye mstari wa kuanzia gari lilivyokuwa likibonyea nyuma kulia, pua ikanyanyuka kushoto, likataka kunipeleka ukutani? Ulisema mbele ya shemeji zangu wote kwamba kosa ni mikono ya dereva. Iliniuma. Leo nimeikaza springi ya nyuma kulia kidogo kidogo, najaribu, narudi, nakaza tena, Wema akinirekodi kwa nyuma. Mara ya mwisho taa ikawaka kijani, nikakanyaga mafuta, gari likakaa chini sawasawa pande zote mbili na matairi ya mbele yakanyanyuka pamoja. Likaenda limenyooka kama limechorewa mstari! Nilipiga vigelegele ndani ya helmeti. Wema akanikimbilia huku analia: “Mama, umeliweza!”

Video nimekutumia. ~~Gari usiliguse.~~ Liguse, lifute vumbi, ila springi ziache kama nilivyozifunga.

Nakimbilia kazini Saint Louis Park. Mikono ni ileile, mume wangu.

Mama Wema