Mashine ya Stanley Haisimami

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya nne leo inazunguka. Siku nne! Mashine ya Stanley, fundi wa kusuka upya waya za mota aliyepanga banda la nyuma ya nyumba yetu. Mota mbili kuukuu za mashine za kufulia, mkanda, na gurudumu la chuma katikati. Anavuta kamba kuiamsha, basi. Haina mafuta, haina betri, haina sola. Na banda lenyewe halina umeme, Bi Wahiba mwenye nyumba alishamwambia tangu siku ya kwanza. Anavyoeleza yeye, mota ya kwanza inasukuma gurudumu, gurudumu linaizungusha ya pili, ya pili inazalisha umeme wa kuiendesha ya kwanza. Na unabaki wa redio!

Nimefundisha fizikia miaka kumi na nne. Haiwezekani. Kila mzunguko msuguano unakula chake. Hakuna mashine inayojilisha yenyewe ikashiba.

Hope kampelekea chapati mbili. Mie, mume wake wa ndoa, nimekula moja na nusu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetoka shule, mlango umefungwa. Mke wangu yuko bandani. Kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kidevuni, anamsikiliza Stanley. "Shem, sasa hapo inakuwaje?" Shem! Mie nikianza kumweleza jambo lolote la fizikia anakumbuka maharage yako jikoni.

Bi Wahiba naye yupo, na kiti chake kabisa, na kahawa. Shikamoo, marahaba mwalimu, njoo uone mambo.

Nikasema pale pale kwamba ni uongo. Sikusema kwa upole. Nikataja kanuni, nikataja nishati, nikauliza kama fundi wa darasa la saba anajua kuliko dunia nzima. Redio inaimba singeli. Stanley akacheka bila kinyongo, akasema labda ticha yuko sahihi, yeye mwenyewe haelewi, ila mbona haisimami?

Hilo ndilo linaloniuma. Hana hata majivuno. Angekuwa na majivuno ningemchukia kwa raha.

Tukiwa tunarudi Bi Wahiba akamwambia Hope, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka Mwenge, kwamba mumeo ana kijicho. Hope hakukataa.

Ijumaa, 8 Agosti – Nane Nane

Sikukuu. Nimekwenda kuikagua. Kwa heshima nikabisha hodi, nikaomba radhi kwa juzi (uongo), nikaomba ruhusa ya kuangalia. Stanley kafurahi kama kapata mgeni wa posa. "Karibu braza, fungua popote!"

Nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji saa nzima. Nimetafuta betri chini ya meza, ndani ya boksi la misumari, nyuma ya matairi. Hakuna. Nimeona waya mmoja tu, una plagi pande zote mbili. Upande mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Nikauliza. Kasema hapo ndipo mashine inapoingiza umeme wake ukutani, ili redio ile pale, kwenye soketi ya pili, ipate. Zamani ilikuwa inazunguka dakika moja inakufa. Siku alipoipa pa kupeleka umeme ndipo ikakubali kuendelea. "Umeme ukikosa pa kwenda, mota inaelemewa." Soketi zenyewe alishazipima kwa testa siku anahamia. Zimekufa. Bi Wahiba akaapa kwamba fundi alikuja kukata huo umeme tangu marehemu mume wake yu hai.

Basi. Nimesimama, nimejifuta magoti. Nimetazama gurudumu linavyozunguka taratibu, halina habari na mtu. Niandike ukweli, nani atasoma? Nimeamini. Kama dakika kumi hivi, mie Projestus mwenye digrii, nimeamini. Na sikufurahi hata chembe. Maana mie nilichoraga gurudumu kama hilo, kidato cha pili, kule Muleba. Lenye gololi ndani, zinazoanguka upande mmoja. Mwalimu akaichana karatasi mbele ya darasa, akasema mjinga ndiye anayetafuta kitu cha bure. Darasa zima likacheka. Nikaacha. Nikakariri kanuni. Na mie nimeshachana karatasi za watoto wa watu, mbili nazikumbuka.

Halafu anakuja mtu ambaye hakuna aliyemchania karatasi, anafunga mkanda tu – inazunguka.

Kwa nini sio mie?

Jumapili, 10 Agosti

Luku imeisha tena! Uniti ishirini zinatutoshaga wiki mbili, sasa hivi siku sita tu. Mita imelia, tii-tii-tii, halafu giza kwenye friji, na tunataka kwenda kanisani. Nimemgombeza Hope. Nimesema pasi, nimesema birika la umeme. Kaniuliza: pasi ya nani? Mashati anayoyapiga pasi ni ya nani, ya kwake? Nimenunua nyingine kwa simu, nikaingiza namba.

Nyuma huko makelele. Mashine ya Stanley ilikuwa imesimama! Nikatoka na soksi moja. Nimemkuta anakaza mkanda. Kasema umelegea tu. Kavuta kamba, ikaamka, ikaendelea na safari yake. Watu wakapiga makofi. Hope naye kapiga. Kavaa gauni la zambarau, lile la arusi ya dada yake, la kuendea ibada ya kawaida!

Kanisani sijasikia hata neno moja la mahubiri.

Jumanne, 12 Agosti

Bi Wahiba kaja rasmi, kajitanda mtandio mpya. Kaongea na watu wa kata. Jumamosi saa nne atakuja ofisa kuiona mashine, ikiwezekana ipelekwe kwenye maonyesho ya ubunifu. Wanataka barua ya mtaalamu wa sayansi aliyeikagua. Mtaalamu gani mwingine mtaa huu? "Mwalimu, wewe uliipigia magoti."

Nikisaini, nimeikana kazi yangu. Nisiposaini, ni kijicho. Nitasema nini? Siwezi kuonyesha kosa. Kosa liko wapi?

Stanley kasema nisijilazimishe. Kasema nikiona haifai, yeye ataniamini mie kuliko macho yake. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ina grisi. Usiku huu usingizi hauji.

Alhamisi, 14 Agosti

NIMEIPATA.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Leo kipindi cha tatu nilikuwa nafundisha saketi. Mwanafunzi mmoja kauliza, mwalimu, ukichora mshale, unajuaje umeme unaelekea huku na sio kule? Nikasimama na chaki mkononi kama sanamu. Waya wenye plagi pande mbili! Nani kasema umeme unatoka kwenye mashine kwenda ukutani?

Jumapili luku yangu iliisha, mashine ikasimama. Nikaingiza namba, akavuta kamba, ikaamka. Mkanda wapi!

Banda lile lilikuwaga jiko la nyumba hii kabla Bi Wahiba hajajenga ukuta kati. Fundi wake aliondoa taa, waya za soketi akaziacha, akaondoka. Soketi zikabaki kwenye mita yangu. Na testa ya Stanley? Siku anahamia sie hatukuwa na umeme tangu asubuhi. Nakumbuka vizuri, Hope alinilaumu mbele ya mgeni kwamba hatuwezi hata kumchemshia maji ya chai. Soketi zikapimwa siku hiyo, zikaandikiwa cheti cha kifo, hakuna aliyezigusa tena. Angechomeka redio peke yake siku yoyote ingeimba!

Nimefika nyumbani, nimekwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa ukumbini. Nimeshusha. Kule nyuma mlio wa mashine ukaanza kushuka, uuuu. Nikahesabu mpaka tatu, nikapandisha. Ikapanda. Nikashusha. Ikashuka. Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Inazunguka kwa mshahara wangu!

Nikageuka – Hope. Kashika ungo wa mchele. Katazama swichi, kasikiliza nyuma, katazama mkono wangu. Kasema: kumbe ni luku yetu.

Sekunde tano. Mwanamke ninayemwona hana kichwa cha fizikia.

Nikadhani atacheka na mie. Wapi! Kakaa chini, kasema maskini, yeye hajui. Kasema wakigundua mbele ya ofisa watamwita mwizi wa umeme. Kaniambia nimwambie leo, faragha, mtu na mtu. "Anayemwamini ni wewe, mume wangu. Mwambie wewe."

Nikauliza kwa nini unamhurumia hivyo. Kasema anapenda kukaa kule kwa sababu Stanley akiulizwa asichokijua anasema sijui.

Nimeahidi. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda. Nimekuta anapaka gurudumu rangi ya bluu. Kanunua shati jipya, limetundikwa kwenye msumari, bado lina karatasi. Kanikaribisha kiti. Kaniuliza namba ya simu ya mama yake ataiandika wapi kwenye fomu ya maonyesho.

Nilifungua mdomo. Nikasema rangi nzuri.

Jioni nimenunua luku. Namba ishirini ziko kwenye simu. Sijaingiza. Mita inasema 2.1. Hope kauliza, umemwambia? Nikasema ndio.

Jumamosi, 16 Agosti. Saa nne na dakika ishirini asubuhi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda ukumbini, chini ya mita. 0.3.

Wamejaa kule nyuma. Ofisa kafika, mama mmoja mwenye miwani, mpole. Bi Wahiba anagawa kashata. Namsikia Stanley anaeleza, na kwenye kila sentensi ya tatu jina langu: mwalimu Projestus kaikagua, mwalimu Projestus anakuja. Wameshaniita mara mbili. Nimesema natafuta kalamu.

Sijamkosea mtu. Sijagusa swichi. Sijasema neno baya. Luku inaisha yenyewe, luku ndivyo zilivyo. Atajua mwenyewe kwamba haiwezekani. Watu wote watajua. Hope atajua.

Hope anajua tayari.

0.1. Mita inalia. Tii-tii-tii.

Hope kaingia. Na gauni lile lile la zambarau. Kasikia mlio. Kanitazama, katazama simu pajani. "Ulisema umemwambia."

Mlio umekatika. Friji kimya. Kule nyuma uuuu, inashuka, inashuka, redio imekatika katikati ya wimbo. Stanley anacheka, namsikia kabisa, anasema msihofu wakubwa, mkanda tu huo, dakika moja.

Anavuta kamba.

Anavuta tena. Anasema mwalimu yuko njiani, mwalimu atatueleza.

Tena.

Hope hajanipokonya simu. Kanyoosha mkono tu, kiganja wazi, na anangoja.