Bamvua Ulilokuwa Ukiniahidi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu za Chake Chake zikufikie huko Tabora.

Kila uliponiambia, "Tutakwenda Pemba bamvua kubwa," mimi nilidhani ni sikukuu ya nguo mpya. Kumbe ni hili! Siku hizi usiku na mchana vimelingana, na bahari imekupwa kuliko mwaka mzima, hadi miamba ya mbali iko nje. Wanawake wanachokoa pweza, kila mmoja kwenye tundu la kwao. Nilipotia kijiti kwenye tundu lisilo na mtu, Mama Mdogo akanidaka mkono: "Hilo la mamako. Mwenyewe hajarudi."

Tangu uolewe bara, halijaguswa.

Mungu akuponye magoti, Mama. Pweza wako keshanona.

Mwanao,
Zuhura